Tafakari ya Wiki: Aliyeleta Moto ni Nani?



Tangu Oktoba 2025 swali moja limekuwa likitufuata kila tuendako, kuanzia vigango vya nyanda za juu za Mbulu hadi vile vilivyo chini ya mlima Hanang. Linaulizwa katika jumuiya ndogondogo, linaulizwa nje ya kanisa baada ya Misa, linaulizwa hata matangani: "Baba Paroko, mambo haya yametoka wapi? Si yameletwa na watu wa Kenya?" Wapo wanaouliza kwa hofu, wapo wanaouliza kwa hasira, na wapo waliokwisha kujijibu kabla hatujafungua kinywa. Juma hili tumeona tulijibu kwa maandishi, kwa sababu jibu la dakika mbili mlangoni mwa kanisa halitoshi.

Tukumbushane kwanza yaliyotokea. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, maandamano yalizuka Dar es Salaam na katika miji mingine, ikiwamo Mwanza, Arusha na Mbeya. Tundu Lissu, kiongozi wa chama kikuu cha upinzani, alikuwa gerezani tangu Aprili kwa shtaka la uhaini, na chama chake hakikuwamo kwenye karatasi ya kura. Intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu wakauawa. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mwezi Novemba kwamba inaaminika waliouawa ni mamia. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura, na alipoapishwa Dodoma tarehe 3 Novemba alisema kwamba baadhi ya vijana waliokamatwa walitoka nje ya nchi. Hapo ndipo swali la waumini wetu lilipopata nguvu.

Si ajabu kwamba wakubwa waliutazama mpaka. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia ndani ya Bunge lao wakipinga muswada wa fedha, na kesho yake Rais Ruto akauondoa. Mwezi Julai vijana wa Kampala wakajaribu kuandamana kwenda Bungeni kudai rushwa ikomeshwe. Oktoba ikawa zamu ya Msumbiji baada ya uchaguzi. Septemba 2025 Waziri Mkuu wa Nepal alijiuzulu baada ya siku mbili za maandamano, na kabla mwezi haujaisha vijana wa Madagaska nao wakawa barabarani. Mwezi Mei mwaka huohuo, Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikuja Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Lissu. Walikamatwa, wakaja kuachwa mipakani, nao wakaeleza kwamba waliteswa. Aliyeyatazama yote hayo kwa jicho la haraka angeweza kudhani kuna mtu anayetembea na kiberiti kutoka nchi hadi nchi.

Wenyeji wa Katesh na Gendabi wanajua kwa uchungu kwamba mambo hayaendi hivyo. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua kubwa zilinyesha sehemu nyingi za nchi. Lakini asubuhi ya tarehe 3 Desemba ni ubavu wa Hanang ulioporomoka. Matope, mawe na magogo yakashuka juu ya makazi, na ndugu zetu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Wataalamu waliofika walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji mpaka ikameguka. Mvua ilikuwa ya wengi, udhaifu ulikuwa wa mahali pale. Tunawaomba radhi wafiwa kwa kuutaja msiba wao katika hoja ya namna hii. Hatukupata mfano ulio karibu nasi zaidi.

Wala uasi kuvuka mipaka haukuanza na simu za mkononi. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Wamatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima na utawala wa Wajerumani. Kabla ya hapo Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alikuwa akiwagawia watu maji yaliyosemwa kuwa yatageuza risasi kuwa maji. Wajumbe walioitwa hongo (neno ambalo leo lina maana nyingine kabisa) waliyapeleka mbali, na katika miezi michache vita vikawa vimefika Mahenge na Ungoni. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni hawakuwa na mtawala mmoja, na baadhi yao walikuwa wamepigana wao kwa wao. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni kodi, kiboko na kazi ya kulazimishwa. Sisi Wakatoliki tunakumbuka pia kwamba tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Kisha kikaja kisasi cha serikali: mashamba yakachomwa, ghala zikachomwa, njaa ikafuata, na makadirio ya chini yanataja vifo 75,000.

Maji yale hayakufika huku kwetu. Lakini mtu asidhani kwamba babu zetu na mama zetu walikuwa wakingoja mgeni awafundishe kulalamika. Wabarbaig wana baraza la wanawake ambalo, mwanamume akikiuka heshima ya mama, humwendea na kumtoza ng'ombe, na wazee wa kiume hawana ubavu wa kulizuia. Na mashamba makubwa ya ngano yalipochukua malisho katika uwanda wa Basotu, kwa msaada wa fedha za Kanada, kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Kilishinda katika Mahakama Kuu, kikashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Nani aliyewatuma? Ng'ombe wao waliokosa majani ndio waliowatuma.

Tuje sasa kwenye wimbi ambalo baadhi yetu tulilisikia tukiwa watoto wa shule ya msingi, kwa redio za wazee, Sauti ya Ujerumani au BBC, tukiwa hatujui hata nchi zilizotajwa ziko upande gani wa ramani. Wafanyakazi wa Poland walikuwa wamejiunga katika chama cha Mshikamano tangu 1980. Padri Jerzy Popiełuszko, aliyewaadhimishia Misa na kuwatetea, aliuawa na askari wa usalama Oktoba 1984. Mwezi Juni 1989 Mshikamano ulishinda katika uchaguzi. Novemba ukuta wa Berlin ukavunjwa. Siku ya Noeli, Ceauşescu wa Romania akapigwa risasi pamoja na mkewe. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa 1991, alitenga sura nzima kwa ajili ya mwaka ule mmoja, akasisitiza kwamba mahali karibu pote watu walitumia njia ya amani, wakiwa hawana silaha ila ukweli na haki.

Huko Kinshasa Mobutu, aliyekuwa rafiki wa Ceauşescu, aliona kwenye televisheni jinsi rafiki yake alivyomalizwa. Tarehe 24 Aprili 1990 alisimama hadharani, machozi yakimlengalenga, akatangaza mwisho wa chama kimoja. Je, kuna Mromania aliyevuka msitu wa Kongo kwenda kuwachochea Wazaire? Hakuna. Kilichofika kilikuwa habari tu, kwamba kumbe mtu wa namna ile anaweza kuondoka. Habari hiyo ikawakuta walimu wasiolipwa na hospitali zisizo na dawa, ikawakuta pia watu waliokwisha kuchoka kuimba nyimbo za sifa.

Mwezi Februari mwaka huohuo Benin iliitisha Kongamano la Taifa, na aliyechaguliwa kuliongoza alikuwa askofu, Isidore de Souza wa Cotonou. Rais Kérékou alikubali maamuzi yake, na mwaka uliofuata akashindwa katika uchaguzi na kukabidhi madaraka. Nchi jirani zikaiga, tena zikaiga hadi kiti cha mwenyekiti: Kongo-Brazzaville walimweka Askofu Ernest Kombo, Togo Askofu Philippe Kpodzro, Zaire Askofu Mkuu Laurent Monsengwo. Matunda hayakufanana. Benin ilivuka salama, lakini Togo ilibaki na Eyadéma mpaka kifo chake mwaka 2005. Zaire kongamano lilifungwa, na Wakristo wa Kinshasa walipoandamana kwa amani tarehe 16 Februari 1992, wakitoka kwenye Misa ya Dominika na rozari mkononi, askari waliwapiga risasi na makumi wakafa.

Lakini mfano tunaoupenda kuliko yote ni wa majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Tarehe 8 Machi 1992, Dominika ya Kwanza ya Kwaresima, maparoko wa Malawi walisoma barua ya maaskofu wao. Haikumwita mtu yeyote barabarani, wala haikutaja kuangusha serikali. Ilisema tu yale ambayo kila aliyekuwa ameketi kwenye benchi alikuwa akiyajua: kwamba pengo kati ya matajiri na maskini ni kubwa, shule zimejaa, wagonjwa hawahudumiwi sawasawa, na watu wanaogopa kusema. Nchi ile ilikuwa chini ya Dk. Hastings Kamuzu Banda kwa karibu miaka 30, na kumkosoa kulikuwa hatari ya maisha. Serikali iliitangaza barua kuwa ya uchochezi, maaskofu wakahojiwa na polisi, na Monsinyori John Roche, Mwairishi, akafukuzwa nchini. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana, na mwezi Mei wafanyakazi wa Blantyre wakagoma, ghasia zikatokea, watu wakauawa. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi wakapiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 60 wakachagua vyama vingi.

Tunalisimulia hili kwa urefu kwa sababu moja. Barua ile haikuwaambia Wamalawi jambo jipya hata moja. Ilichofanya ni kuvunja upweke. Kila mmoja alikuwa akidhani yuko peke yake katika mawazo yake, na Dominika ile aligeuka akaona jirani yake naye anatikisa kichwa. Waumini wetu wanaokumbuka Agosti 2023, waraka wa Baraza la Maaskofu juu ya mkataba wa bandari uliposomwa parokiani, watajua tunasema nini.

Na Tanzania ya wakati ule ilifanyaje? Hapa tunaomba vijana wasome historia ya nchi yao kabla ya kusoma ya Nepal. Mwalimu Nyerere aliyaona yaliyotokea Ulaya Mashariki, na mwaka 1990, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, akasema kwamba kujadili vyama vingi si dhambi. Mwaka uliofuata Rais Mwinyi akaunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Tume ikazunguka nchi nzima na kukuta karibu wanne kati ya watu watano wanataka chama kimoja kiendelee. Pamoja na hayo ikapendekeza vyama vingi, na kutaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zinakandamiza. Mwaka 1992 sheria ya vyama vingi ikapitishwa. Wimbi lilelile lililomwaga damu Kinshasa na Blantyre lilipita hapa bila risasi. Halikupita hivyo kwa sababu mipaka yetu ilifungwa, bali kwa sababu waliokuwa ndani walifungua mlango kabla haujagongwa kwa nguvu. Walifungua nusu, ni kweli. Nyingi kati ya zile sheria 40 zilibaki vitabuni kwa miaka mingi baadaye, na Katiba ya mwaka 1977 tunaendelea nayo hadi leo. Kwa maoni yetu, kilichotukuta mwaka 2025 kilianza katika nusu ile iliyoachwa.

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 12, kina habari ya mfalme kijana Rehoboamu. Watu walimwendea wakiomba awapunguzie mzigo aliowatwika baba yake Solomoni. Wazee walimshauri awasikilize. Vijana waliokua naye walimshauri awatishe, naye akafuata la vijana. Makabila kumi yakamwacha. Inafaa kukumbuka kwamba Yeroboamu, aliyekuja kuwatawala, alikuwa ametoka uhamishoni Misri. Rehoboamu angeweza kabisa kusema kwamba fujo zimeletwa na mtu kutoka nje, na asingekuwa mwongo. Lakini mzigo haukutoka Misri.

Tulizungumza na mama mmoja zile siku za giza la mtandao. Alifika nyumba ya mapadri akitokea mbali, kwa miguu. Mwanawe yuko Dar es Salaam, anauza nguo za mitumba, na simu yake ilikuwa haipatikani. Alitaka kutoa nia ya Misa, lakini hakujua jina liandikwe wapi, kwa walio hai au kwa marehemu. Tulimwandika kwa walio hai, huku hatuna hakika. Siku ya sita kijana akapiga. Alikuwa amejifungia na wenzake katika chumba kimoja. Baadaye tulimwuliza mama kama kijana wake aliandamana. Alisema hakumwuliza jambo hilo. Alimwuliza kama amekula.

Vijana wa namna hiyo wako wengi. Wametoka Dongobesh, Haydom, Bashay na Katesh. Wamekwenda Mererani, Arusha, Dar es Salaam, wengine wakiwa na vyeti vya chuo ndani ya begi na pikipiki ya mkopo chini yao. Ni kweli kwamba wanatazama video za Nairobi, na wanazielewa bila mkalimani, kwani Kiswahili ni barabara isiyo na kizuizi pale Namanga. Video inaweza kumwonesha kijana jinsi ya kubeba bango. Haiwezi kumpa sababu ya kulibeba. Sababu anayo nyumbani, katika bei ya vitunguu saumu aliyolipwa baba yake na katika kura ambayo haoni inakwenda wapi.

Hata hivyo tusiwadanganye vijana, maana nao wanatusoma. Kuiga mwendo si kupata matokeo yaleyale. Ben Ali wa Tunisia alikimbia Januari 2011, Mubarak wa Misri akaanguka mwezi uliofuata, na Wasyria waliofuata njia hiyohiyo wakaingia katika vita vya karibu miaka 14. Madagaska vijana walidai maji na umeme, na tarehe 17 Oktoba 2025 wakaapishiwa kanali. Papa Paulo VI, mwaka 1967, alikiri kwamba kuna udhalimu wa wazi na wa muda mrefu unaoweza kuhalalisha uasi, lakini akaonya kwamba uasi kwa kawaida huzaa dhuluma mpya. Katekisimu, namba 2243, inaweka masharti mazito kwa anayefikiria silaha, na mawili kati yake ni kwamba njia nyingine zote ziwe zimekwisha na madhara yasizidi yale yanayopingwa. Kuchoma duka la mtu ambaye naye anadaiwa kodi ya pango hakumo katika masharti hayo. Kumpiga risasi asiye na silaha hakumo katika fundisho lolote la Kanisa. Maaskofu wetu walilisema hilo wazi Novemba 2025 walipolaani mauaji, na hatuoni sababu ya paroko kulisema kwa sauti ya chini kuliko wao.

Jumamosi hii saa 1:00 asubuhi tutaadhimisha Misa kwa ajili ya waliofariki katika siku zile. Makatekista wa vigango watakusanya majina hadi Ijumaa jioni. Mmoja wao ameuliza kama jina la askari aliyeuawa akiwa kazini lipokelewe. Lipokelewe, na majina yote yaandikwe kwa mfuatano wa alfabeti, bila cheo wala chama. Wale ambao hawajaonekana hadi leo waandikwe kwenye karatasi ya peke yake. Hatutawasoma pamoja na marehemu mpaka familia zao zenyewe zituambie.